Dozi na Saa: Kalkulasi ya Dawa Ndani ya Damu

Bahasha ndogo ya dawa inayotolewa dirishani huwa na maandishi machache: jina la dawa, kisha "1 × 3" au "2 × 2". Wagonjwa wengi huyasoma kama ratiba ya milo: asubuhi, mchana, jioni. Kwa dawa nyingine usomaji huo haudhuru sana. Kwa amoksisilini unadhuru. Mtu anayemeza kapsuli ya miligramu 500 saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 usiku huacha pengo la saa sita, tena saa sita, kisha usiku mzima wa saa kumi na mbili bila dozi. Kwa mwenye figo nzima, amoksisilini iliyomo mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya muda wa saa moja hivi. Zikipita saa nane, kati ya miligramu 500 zilizoingia kwenye damu huwa zimebaki kama 2. Zikipita kumi na mbili, imebaki miligramu 0.12.

Amoksisilini, kama dawa nyingine za jamii ya penisilini, huua bakteria kulingana na muda ambao kiwango chake hukaa juu ya kile kinachowazuia kuzaliana. Kilele kirefu cha dozi moja hakiongezi mengi. Ndiyo sababu "1 × 3" ya dawa hii ina maana ya kila baada ya saa nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Hesabu iliyotoa namba hizo ni kalkulasi, tawi la hisabati linaloshughulikia mambo yanayobadilika. Mwanafunzi wa kidato cha sita hufundishwa kalkulasi kwa mifano ya mawe yanayoanguka na magari yanayoongeza mwendo, na wengi huiacha mlangoni pa chumba cha mtihani. Ni hasara, kwa sababu hesabu hiyohiyo ndiyo inayopanga saa za dozi katika kila zahanati. Torsten Teorell wa Uppsala, Sweden, aliandika mwaka 1937 milinganyo ambayo hadi leo ni msingi wa kazi hiyo, na mwaka 1953 Mjerumani Friedrich Hartmut Dost akaipa taaluma yenyewe jina la farmakokinetiki. Ushauri unaofuata ni kwa mwanafunzi huyo wa kidato cha sita, kwa muuguzi au mfamasia aliye mafunzoni, na kwa mzazi yeyote mwenye kikokotoo na subira kidogo.

Mtu aanze na sentensi. Fomula ije baadaye. Sentensi yenyewe ni hii: kwa dawa nyingi, kasi ya dawa kutoka mwilini huenda sambamba na kiasi kilichobaki. Sababu yake iko kwenye figo na ini. Figo za kijana mwenye afya huchuja takriban mililita 120 za maji ya damu kila dakika. Ujazo huo haubadiliki sana dawa ikiwa nyingi au chache. Kinachobadilika ni dawa iliyomo ndani ya mililita hizo. Damu ikibakiwa na nusu ya dawa, figo zitaondoa nusu ya kile zilichokuwa zikiondoa mwanzo katika muda uleule. Ni kama mdeni aliyekubali kulipa robo ya deni lililobaki kila mwisho wa mwezi: mwezi wa kwanza hutoa fedha nyingi, wa pili pungufu, wa tatu pungufu zaidi, na deni husinyaa bila kufutika kabisa.

Kalkulasi huiandika sentensi hiyo kwa herufi chache: dA/dt = −kA. A ni kiasi cha dawa mwilini, t ni muda, na k ni namba inayoeleza ni sehemu gani ya kilichopo inayoondoka kwa saa. Upande wa kushoto ni kasi ya badiliko la A. Alama ya kutoa inasema kiasi kinashuka. Hakuna zaidi ya hapo. Anayeweza kuisoma mistari hiyo kwa Kiswahili cha kawaida, bila kuikariri, ameshapita sehemu ngumu.

Kabla ya kuutatua mlinganyo kwa njia ya darasani, ni vizuri kuutatua kwa mkono, hatua kwa hatua, kwenye daftari. Parasetamoli inafaa sana. Nusumaisha yake, yaani muda wa kiasi kupungua kwa nusu, ni kati ya saa 2 na 3 kwa mtu mzima mwenye ini zima. Ikichukuliwa saa 2.5, k huwa karibu 0.277 kwa saa. Mtu ameanza na miligramu 1,000, vidonge viwili vya kawaida. Katika nusu saa ya kwanza zitaondoka 0.277 × 1,000 × 0.5, yaani kama 139, na kubaki 861. Nusu saa ya pili inaanza na hizo 861, si 1,000, kwa hiyo zinaondoka 119 na kubaki 742. Mwanafunzi akiendelea hivyo hadi saa 2.5, atapata 475 hivi. Jibu sahihi ni 500. Amekosea kwa sababu katika kila hatua ameichukulia kasi kuwa haibadiliki kwa nusu saa nzima, ilhali inapungua kila sekunde. Arudie kwa hatua za dakika 6: atapiga hesabu mara 25 na kupata 495. Hatua zikizidi kufupishwa, jibu linazidi kuisogelea 500, na pale hatua zinapokuwa fupi kuliko kipimo chochote ndipo kalkulasi inapoingia na kutoa jibu kwa mkupuo: A = A₀e^(−kt), ambapo A₀ ni kiasi cha mwanzo na e ni namba 2.718 na vipande vyake.

Kazi hiyo ya daftari ichukuliwe kwa uzito. Mwalimu anayeruka moja kwa moja hadi kwenye e huwaachia wanafunzi alama isiyo na maana. Aliyepiga hatua 25 kwa mkono anajua ilikotoka.

Kutoka kwenye jibu hilo nusumaisha hupatikana papo hapo: ni 0.693 kugawanya kwa k, na 0.693 ni logaritimu asilia ya 2. Kuna jambo jingine linalotoka humo ambalo kila mgonjwa angefaa kulijua. Kama dawa inafanya kazi ikiwa juu ya kiwango fulani, dozi ikiongezwa maradufu muda wa kuwa juu ya kiwango hicho huongezeka kwa nusumaisha moja tu. Anayemeza kapsuli mbili za amoksisilini saa 1 usiku ili zimfikishe asubuhi amejipatia saa moja ya ziada, na baada ya hapo damu yake ni tupu kama ya aliyemeza moja. Pengo la usiku huzibwa kwa kupanga saa, si kwa kuongeza vidonge.

Dawa ya mara moja ni rahisi. Maisha ya kawaida ni ya dozi zinazofuatana, na kila dozi mpya hukuta mabaki ya iliyotangulia. Kwa parasetamoli ya gramu moja kila baada ya saa sita, mabaki ni asilimia 19 hivi: kilele cha kwanza ni 1,000, cha pili 1,190, cha tatu 1,226, na mwishowe hutulia karibu na 1,235. Mwili na dozi vimefikia suluhu. Kinachoingia ni sawa na kinachotoka. Mtu huyohuyo akizidiwa na maumivu na kumeza kila baada ya saa mbili, mabaki yanakuwa asilimia 57, na vilele hutulia karibu na 2,350. Kwa siku atakuwa amekula gramu 12, wakati kikomo cha mtu mzima ni gramu 4. Hapo ini liko hatarini, maana sehemu ya parasetamoli hugeuzwa humo kuwa sumu, na akiba ya mwili ya kuizima sumu hiyo ina mwisho.

Hospitalini, kalkulasi ya parasetamoli ina umbo la mchoro. Mwaka 1975 Barry Rumack na Henry Matthew walichapisha grafu ya kuwasaidia madaktari kuamua nani kati ya waliozidisha parasetamoli apewe dawa ya kuokoa ini. Daktari hupima damu saa nne au zaidi baada ya mtu kumeza, kisha huangalia kama nukta iko juu au chini ya mstari. Mstari wa mwanzo ulianzia mikrogramu 200 kwa mililita katika saa ya nne na kufika 50 katika saa ya kumi na mbili. Yaani ulishuka kwa nusu kila baada ya saa nne. Baadaye nchi mbalimbali ziliusogeza chini ili kuwa na tahadhari zaidi, lakini mwinamo ulibaki. Kwenye karatasi ya kawaida mstari huo ungepinda. Umenyooka kwa sababu mhimili wake wa wima ni wa logaritimu.

Huo ni ushauri wa kushika: vipimo vya dawa vichorwe kwenye mhimili wa logaritimu. Dawa inayofuata sentensi yetu ya kwanza itatoa mstari ulionyooka, na mwinamo wake ndio k. Nukta mbili zinatosha kuanzia. Mgonjwa aliyedungwa gentamaisini akapimwa miligramu 8 kwa lita saa moja baada ya dozi, na miligramu 2 saa ya tano, ameshuka mara nne katika saa nne. Mara nne ni nusu mbili. Nusumaisha ni saa 2, na figo zinafanya kazi. Kwa mgonjwa ambaye figo zimekufa nusumaisha ya dawa hiyohiyo huweza kupita siku nzima, na dozi ya kila siku, ambayo kwa mwenzake huisha kabla ya kesho, kwake hurundikana hadi kuharibu masikio. Nukta zisipokaa kwenye mstari ulionyooka, mchoraji asilazimishe rula. Mara nyingi damu inasema kwamba dawa imegawanyika, sehemu ikaenda kwenye mafuta au misuli na kurudi polepole, na mlinganyo mmoja hautoshi tena.

Kuna dawa ambazo haziwezi kusubiri suluhu ya polepole. Kwa dawa yoyote ya kurudiwa inayofuata sentensi yetu ya kwanza, damu hufika asilimia 50 ya kiwango chake cha kutulia baada ya nusumaisha moja, 75 baada ya mbili, kama 94 baada ya nne. Kwinini kwa mgonjwa wa malaria kali ina nusumaisha ya karibu saa 18, kwa sababu ini la mgonjwa limezidiwa. Mtu mzima mwenye afya huiondoa haraka zaidi. Nusumaisha nne ni saa 72. Malaria ya ubongo haitoi muda huo.

Nicholas White na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Thailand, walichapisha mwaka 1983 namna ya kuuruka mlima huo: dozi ya kwanza iwe maradufu, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, ikitiririshwa taratibu kwa dripu ya saa nne, kisha 10 kila baada ya saa nane. Hesabu inaonyesha faida yake waziwazi. Katika saa nane kwinini ya mgonjwa huyo hupungua hadi asilimia 73.5 ya ilivyokuwa. Kwa kuhesabu vilele tu na kuacha muda wa dripu, aliyeanza na 10 ana 10, kisha 17.4, kisha 22.8. Aliyeanza na 20 ana 20, kisha 24.7, kisha 28.2. Wa kwanza anafikia pale mwenzake alipoanzia kwa dozi ya tatu tu, saa ya kumi na sita. Waliosomea uuguzi kabla ya dawa ya artesuneti kushika nafasi ya kwanza katika malaria kali wanaikumbuka dozi hiyo ya mwanzo.

Vidonge huleta utata mwingine, kwa kuwa dawa ya tumboni huingia na kutoka kwa wakati mmoja. Mlinganyo sasa una sehemu mbili: kasi ya kuingia kutoka utumbo na kasi ya kutoka kwenye damu. Suluhisho lake lilipatikana kwa kusudi tofauti kabisa. Mwingereza Harry Bateman aliliandika mwaka 1910 kueleza elementi mnururishi moja inavyogeuka kuwa nyingine, nayo pia ikigeuka. Grafu hupanda, hufika kilele, kisha huteremka. Kilele ni pale kasi ya kuingia inapolingana na ya kutoka, yaani mwinamo ni sifuri, na kila mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta kilele cha grafu ameshafundishwa njia ya kuujua wakati huo: logaritimu asilia ya kasi ya kuingia kugawanya kwa kasi ya kutoka, kisha kugawanya kwa tofauti yao. Ikiwa parasetamoli inaingia kwa kasi ya 3 kwa saa na kutoka kwa 0.277, kilele ni baada ya dakika 52 hivi. Mzazi aliyempa mtoto parasetamoli na kuona homa bado iko juu baada ya robo saa hana sababu ya kurudia dozi. Dawa bado inapanda.

Sehemu inayosahauliwa zaidi ya kalkulasi ni ile ya kukusanya. Wengi huishia kwenye kasi, wakati maamuzi mengi ya dawa hufanywa kwa kupima eneo lililo chini ya grafu. Eneo hilo ni jumla ya dawa ambayo mwili umeikabili, kiwango kikizidishwa kwa muda. Njia ya kulipima haihitaji kompyuta: unganisha nukta kwa mistari, gawa umbo lote kuwa trapeza, hesabu kila trapeza, jumlisha. Zoezi la kujipima ni hili. Vipimo ni miligramu 0, 8, 6, 3 na 1 kwa lita, katika saa ya 0, 1, 2, 4 na 8. Trapeza ya kwanza ni 4, ya pili 7, ya tatu 9, ya nne 8. Jumla ni 28. Kuna mkia uliobaki baada ya saa ya nane. Kipimo cha mwisho kikigawanywa kwa k ya mteremko wa mwisho, ambayo hapa ni karibu 0.275, mkia unakuwa 3.6. Eneo lote ni 31.6.

Namba ya aina hiyo ndiyo inayoamua kama kidonge cha kampuni nyingine kinaweza kusimama mahali pa kile cha awali. Watu wenye afya humeza kimoja, baada ya siku kadhaa wakameza kingine, wakatolewa damu mara kwa mara, na maeneo mawili yakalinganishwa. Kanuni inayotumiwa na mamlaka nyingi za dawa duniani ni kwamba uwiano wa maeneo hayo, pamoja na ukingo wake wa mashaka wa kitakwimu, uwe ndani ya asilimia 80 hadi 125; na kilele nacho kipimwe hivyohivyo. Anayeambiwa dukani kwamba dawa ya bei nafuu ni "ileile" anaweza kuuliza kama imesajiliwa, kwa kuwa usajili ndio unaodai ushahidi wa usawa.

Dawa mseto ya malaria, ALu, ni somo zuri la eneo. Ndani ya kidonge kimoja kuna dawa mbili za tabia tofauti. Artemeta ina nusumaisha ya saa mbili hivi: hushambulia kwa nguvu na kutoweka. Lumefantrini ina nusumaisha ya siku 3 hadi 6: hupanda polepole, hubaki, na kumalizia vimelea vilivyoponyoka. Dozi ni sita kwa siku tatu, ya pili ikiwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Watafiti hupenda kupima lumefantrini siku ya saba, siku nne baada ya dozi za mwisho, kwa sababu kipimo hicho kimoja kinawakilisha vizuri eneo lote. Anayeacha siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka amefaidi shambulio la artemeta na kulikata eneo la lumefantrini. Naye anayemeza bila chakula hulipunguza kwa njia nyingine, maana lumefantrini huingia mwilini vizuri ikikutana na mafuta. Utafiti wa mwaka 2007 ulikadiria kwamba mililita 36 tu za maziwa ya soya, zenye gramu 1.2 za mafuta, zinatosha kufikisha asilimia 90 ya uingiaji wa juu kabisa. Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kula ashauriwe chai ya maziwa, uji wenye karanga, au mtoto anyonyeshwe, kisha dawa.

Eneo lina fomula fupi pia: dozi iliyofika kwenye damu kugawanya kwa uwezo wa mwili wa kusafisha. Usafishaji ukiongezeka maradufu, eneo hubaki nusu. Hilo huwapata wanaoishi na VVU wakiugua kifua kikuu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huamsha vimeng'enya vya ini, na ini lililoamshwa huifagia dolutegraviri, dawa yao ya VVU, kwa kasi. Dozi ya kawaida ya miligramu 50 mara moja kwa siku hufanywa mara mbili, ya pili saa 12 baada ya ya kwanza. Ini halilali mara tu rifampisini inapokwisha, kwa hiyo dozi ya ziada huendelea kwa wiki mbili zaidi. Mgonjwa anayejua sababu hiyo ana nafasi kubwa zaidi ya kuzimaliza wiki hizo mbili.

Hadi hapa sentensi ya kwanza imefanya kazi yote. Mtu anayetaka kuitumia hesabu hii kwa uaminifu lazima ajue inapokatika.

Hukatika kwa pombe. Vimeng'enya vinavyoichoma hujaa mapema, na kuanzia hapo mwili huondoa kiasi kilekile kila saa, iwe damu ina pombe nyingi au wastani. Mdeni wetu ameacha kulipa robo. Sasa analipa shilingi zilezile kila mwezi, deni liwe kubwa au dogo. Grafu ya kawaida hushuka kwa mstari ulionyooka, takriban gramu 0.1 hadi 0.2 kwa lita kila saa, na kahawa au maji baridi havibadilishi mwinamo huo. Aliyelala saa 8 usiku akiwa na gramu 2 kwa lita bado ana pombe ya kutosha kumzuia kuendesha gari saa 2 asubuhi.

Hukatika kwa namna ya hatari zaidi kwa fenitoini, dawa ya kifafa. Mlinganyo wake ni ule ambao Leonor Michaelis na Maud Menten waliuandika mwaka 1913 kwa ajili ya vimeng'enya: kasi ya kuondoka huongezeka na kiwango, kisha hugonga dari. Chukulia mgonjwa ambaye dari yake ni miligramu 500 kwa siku, na nusu ya kasi hiyo hufikiwa kiwango kikiwa miligramu 5 kwa lita. Damu hutulia pale dozi inapolingana na kinachoondolewa, na hesabu ya shule ya sekondari inatoa kiwango hicho: 5 mara dozi, kugawanya kwa 500 kutoa dozi. Kwa miligramu 300 kwa siku, damu hutulia kwenye 7.5, chini kidogo ya eneo la matibabu ambalo ni 10 hadi 20. Kwa 350 ni 11.7, pazuri. Kwa 400 ni 20. Kwa 450 ni 45, na mgonjwa huyo anayumba akitembea, macho yanacheza, anasinzia, na huenda ndugu zake wakadhani ugonjwa umezidi na kuomba aongezewe. Kutoka 300 hadi 450 ni dozi moja na nusu. Damu imepanda mara sita. Yeyote atakayefundisha hesabu hii na afundishe fenitoini, kwa sababu ndiyo inayovunja imani kwamba dozi maradufu huleta kiwango maradufu.

Kwa sababu hiyohiyo, mgonjwa mwenye kikokotoo asijibadilishie dozi. Namba za nusumaisha zilizotumika hapa ni za wastani. Watu wawili wa uzito mmoja huweza kutofautiana mara kadhaa kwa urithi wa vimeng'enya, umri, ujauzito au hali ya ini. Damu yenyewe si mahali dawa inapofanyia kazi kila mara. Hesabu inamsaidia mgonjwa kuuliza vizuri: dawa hii ni kila baada ya saa ngapi? Nimeze na chakula au bila? Nikikosa dozi na nikakumbuka baada ya saa tano, nifanye nini? Kuna dawa nyingine ninayotumia inayoiharakisha au kuichelewesha? Mfamasia aliyeulizwa hivyo atajibu kwa makini zaidi.

Kwa watoto, uwiano wa uzito pekee haukutosha. Utafiti uitwao AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010, uliwashirikisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Waliodungwa artesuneti walikufa kwa asilimia 8.5, waliopewa kwinini kwa asilimia 10.9, na kwinini ikaondolewa nafasi ya kwanza. Dozi ya artesuneti ilikuwa miligramu 2.4 kwa kila kilo kwa kila mtu. Damu za watoto zilipochorwa na milinganyo kuwekwa juu yake, wale wadogo zaidi walionekana kupata eneo dogo kuliko wakubwa, ingawa kwa kilo walipewa sawa. Mwili mdogo, kwa kila kilo yake, husafisha dawa haraka zaidi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo: walio chini ya kilo 20 wapewe miligramu 3 kwa kilo, mwanzoni, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi waweze kumeza dawa. Mtoto wa kilo 12 anayefikishwa wodini usiku wa leo hudungwa miligramu 36 badala ya 28.8.